Taa za taarab kwenye magofu ya Mtoni

Fundi taa akiingia ukumbini, macho yake hupanda juu kwanza kutafuta chuma cha kutundikia. Kwenye jumba la Mtoni ukiangalia juu unaona mbingu. Seyyid Said alianza kulijenga mwishoni mwa miaka ya 1820, bintiye Salme akazaliwa humo 1844, na moto wa 1914 ukaondoka na sehemu kubwa. Kilichobaki ni kuta za mawe ya matumbawe, matao, vyumba vya hamamu na ua mpana kando ya bahari, kilomita chache kaskazini mwa Mji Mkongwe. Humo uani ndimo nilimopewa kazi ya kuweka taa za onyesho la taarab, baada ya sala ya Isha.

Sharti la kwanza halina mjadala: ukuta hauguswi. Tumbawe ni jiwe lenye matundu na chokaa iliyolishika ni laini, kwa hiyo msumari huingia bila taabu na hutoka na kipande. Anayekuja baadaye kuziba tundu kwa saruji anaharibu zaidi, maana saruji inazuia unyevu usipumue, na chumvi inabaki ndani ikilila jiwe taratibu. Basi taa zote zilikaa kwenye stendi za kusimama zenyewe, zimelemewa na mifuko ya mchanga, kila mguu juu ya kipande cha ubao ili usichimbe sakafu ya kale. Waya tulizipitisha pembeni, na viungio vyote vya umeme tukavinyanyua juu ya matofali, kwa sababu usiku ule umande wa pwani unalowesha kama mvua.

Kazi hii ingekuwa ngumu mno zamani za taa za par, zile taa za jukwaani za balbu, za wati 1,000. Taa 24 za namna hiyo ni kilowati 24 na joto lake lote. Siku hizi taa 24 za LED za wati 150 hazifiki kilowati 4. Kwa umeme wetu wa volti 230 ni kama ampia 16 tu. Jenereta ndogo inatosha, na ndogo ina sauti ndogo. Tuliiweka nyuma ya kuta mbili, mbali na wapiga fidla.

Lakini LED imeleta maradhi yake, na hapa nitasema wazi. Kila jengo la kale Unguja likipata hafla, mtu anakuja na taa za rangi, anazielekeza ukutani usoni kabisa, anabonyeza buluu, kisha zambarau, kisha kijani. Mimi jambo hili linaniuma. Ukuta ukipigwa taa kutoka mbele hauna tena jiwe, unakuwa kitambaa cha rangi, na kitambaa cha rangi unaweza kukitundika popote. Kwa nini basi umewaleta watu mpaka Mtoni?

Iweke taa chini, kiasi cha shibri mbili kutoka ukutani, iangalie juu. Mwanga unapanda ukiuparaza ukuta, kila tundu la tumbawe linapata kivuli chake, kila mahali chokaa ilipobanduka panaonekana, na mkono wa mwashi aliyepiga lipu miaka karibu 200 iliyopita unausoma. Taa sita za hivi zilitosha ukuta mzima wa nyuma ya jukwaa. Matao sikuyamulika kwa mbele hata kidogo: niliweka taa upande wa pili, tao likabaki jeusi na nafasi yake ikajaa mwanga.

Rangi niliyotumia ni nyeupe ya joto, karibu na kelvini 2,700 hadi 3,200, yaani rangi ya balbu za zamani. Chokaa iliyozeeka ina unjano ndani yake, na mwanga wa namna hiyo unaupenda. Pia ngozi zetu. Taa inayochanganya nyekundu, kijani na buluu peke yake inaweza kukupa weupe kwa macho, lakini katikati ya rangi hizo tatu mna mapengo, na mapengo hayo ndimo zinamokaa dhahabu, hina na hudhurungi ya uso wa mtu. Mwimbaji aliyekwenda kupambwa mchana kutwa anasimama mbele za watu akiwa rangi ya majivu. Kwa hiyo chagua LED yenye nyeupe yake halisi ndani, au yenye kaharabu, ile rangi ya manjano iliyoiva. Hili nalisisitiza kuliko yote.

Wapiga ala nao wana haki zao. Fidla zilikaa safu upande mmoja, na ukiweka taa ya pembeni mita 2 kutoka kwa mpigaji wa kwanza, wa mwisho akiwa mita 6, yule wa kwanza anapata mwanga mara 9 ya mwenziwe. Isogeze mbali, iinue, tofauti inapungua. Mpiga kanuni ni habari nyingine. Ala yake ina nyuzi zaidi ya 70 na vile visumari vya chuma vya kubadilishia sauti, ambavyo anavigeuza wimbo ukiwa unakwenda. Taa ikitoka nyuma ya bega lake, mikono yake mwenyewe inamtilia kiza. Nilikaa kwenye kiti chake, nikaweka mikono kama yeye, nikamwomba mwenzangu aizungushe taa mpaka nyuzi zote zikaonekana: ikatoka mbele, juu, kidogo kushoto. Mzee mwenyewe alipokuja kujaribu alipiga vipande viwili, akatikisa kichwa kwa ridhaa, akaendelea kukaza nyuzi.

Waandaaji walitaka hadhira iwe gizani, jukwaa peke yake liwake, kama kwenye majumba ya muziki ya Ulaya. Nilikataa, na nashukuru walinisikiliza. Taarab haisikilizwi kwa kukaa kimya kitini. Ubeti ukimgusa mtu anainuka, anakwenda kutunza, na anavyokwenda ndiyo habari yenyewe: anatembea kwa madaha, noti juu ya vidole, anageuka kidogo kwa aliyekusudiwa, anampa mwimbaji, anarudi kwa njia ile ile au kwa njia ndefu zaidi makusudi. Amevaa gauni aliloshonesha kwa ajili ya usiku ule. Bi mkubwa mmoja aliyekuwepo wakati wa majaribio nilimwamkia, akanijibu, kisha akaniuliza, “Mwanangu, nikenda kutunza kizani, nani ataniona?” Ndilo hasa swali la mtu wa taa.

Kwa hiyo katikati ya viti na jukwaa niliweka njia ya mwanga, ya kaharabu nyepesi, kutoka pande zote mbili ili uso usikatike nusu. Juu ya hadhira niliacha mwanga mdogo ambao haukuzimwa usiku kucha. Kwenye kibao cha kuongozea taa, kidole changu kimoja kilikaa kwenye kitelezi cha njia hiyo tu. Macho yangu yalikuwa kwa wanawake waliokaa kuliko kwa waimbaji: anayeshika mkoba, anayemgusa shoga yake begani, huyo anainuka sasa hivi. Njia inapanda mwanga polepole kabla hajafika, na inashuka akishakaa. Walipoinuka saba kwa pamoja niliiacha juu mpaka wimbo ukaisha.

Kulenga taa tulikufanya usiku wa kuamkia onyesho. Huku kwetu jua likizama kiza hakikawii, na nafasi kati ya Magharibi na Isha ni ya kusali na kukagua, si ya kuanza kazi. Moshi wa mashine, ule wa kuonyesha miale ya taa jukwaani, usihangaike nao, upepo unaupeleka baharini. Na kama ni msimu wa vuli, mvua ikiwa imenyesha, subiri kumbikumbi. Wadudu wanapenda zaidi buluu na weupe mkali, hiyo ni faida nyingine ya taa za joto. Lakini weka pia taa moja nyeupe kali mbali, nyuma ya magofu, wakusanyike huko, mwimbaji asije akafungua kinywa wakaingia. Vyumba vya hamamu viacheni. Mna popo, na wao ndio wakaazi sasa.

Wengine wanapenda kusema taarab ya Mtoni ni taarab iliyorudi nyumbani. Si hivyo hasa. Taarab inahusishwa na Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870, Seyyid Said akiwa ameshafariki tangu 1856. Nyumba ya Barghash inayonitia hamu ni Maruhubi, aliyoijenga miaka ya 1880 na ikaungua 1899. Pale kuna nguzo nene za mviringo zimesimama safu bila ya kubeba kitu. Nguzo ya mviringo ukiimulika pande mbili inakuwa bapa. Nitaipiga upande mmoja tu, ule wa bahari, na taa iwe chini.