Pweza kafa, rangi bado yacheza

Juzi jioni nilikuwa forodhani hapa Lamu na mtoto wa kaka yangu, yuko fomu tatu, mara mvuvi mmoja akabwaga pweza pale ngazini, kafa kitambo, kashapigwapigwa mpaka kalegea, lakini ngozi bado yageuka, wekundu waja waondoka kama kivuli cha wingu. Kijana akaniuliza, "Ami, si kafa huyu? Homoni bado zafanya kazi?"

Nikamwambia hiyo si homoni, ile kemikali ya mwili inayosafiri kwenye damu, ni neva, zile nyuzi za kupeleka amri. Kila kidoti cha rangi kwenye ngozi ya pweza kina vimisuli vyake vya kukivuta kitanuke, na vimisuli hivyo vyatii neva moja kwa moja, ndio maana akiwa hai hugeuka hata sekunde haijaisha. Akanijibu walivyokaririshwa, aah, basi ya haraka ni neva ya polepole ni homoni. Hapo nikachoka 😅 Wewe ukitokewa na punda gizani kichochoroni moyo waenda mbio saa hiyo hiyo, na hapo neva imo na adrenalini, homoni ya kushtuka, imo, saa ya mkononi itakutenganishia vipi?

Jawabu ni kukata. Pweza ukimkata neva ya upande mmoja wa mwili, upande ule wapauka palepale, wa pili waendelea na mambo yake. Kamba lakini, wale wadogo waliofanyiwa majaribio, walikatwa neva na rangi ikaendelea kubadilika kama kawaida, ila wakisaga vikonyo vya macho ya kamba na kumdunga mwenzake aliyekolea rangi, anapauka. Hapo kuna kitu kimepita kwenye damu.

Ila kukata peke yake hakutoshi, na hili ndilo walimu hulipita mbio. 1902 kule London, wanasayansi wawili, Bayliss na Starling, walimlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, wakachukua kipande cha utumbo mwembamba wakakata neva zake zote wakaacha mishipa ya damu tu, wakatia asidi kama ile inayotoka tumboni na chakula, na kongosho likatoa maji yake ya kusaga chakula vilevile, wakati Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, na watu wake walikuwa wanasema hiyo ni kazi ya neva. Sasa mbishi angesema kuna vijineva mmevisahau, vimejibanza kwenye kuta za hiyo mishipa ya damu, na si ubishi wa kijinga huo. Kwa hiyo wakakwangua ngozi ya ndani ya utumbo, wakaisaga na mchanga na asidi, wakachuja, wakamdunga mbwa kwenye mshipa. Kongosho likatoa! Na asidi tupu ukiidunga kwenye damu haifanyi hivyo. Kitu hicho wakakiita sekretini, na neno homoni lenyewe Starling alikuja kulitumia 1905.

"Sasa huyu amri aipata wapi na kichwa kimekufa?" Nikamwambia mwenyewe hufa mwanzo, vimisuli na vijineva vya ngozini vyachelewa kidogo. Tukageuka kumtazama tena, mvuvi keshamtia kikapuni, mweupe pe.