Kumbukumbu ya mradi: mita 880 za njia ya baiskeli kati ya mialoni na nyasi za Prairi, Minnesota

Njia iko kusini mwa Saint Paul, mji mkuu wa jimbo la Minnesota, Marekani, pale msitu wa mialoni unapoishia na uwanda wa Prairi kuanza. Mita 600 zinapita ubavuni mwa vilima vya msituni, na mita 280 ziko uwandani. Daraja lake la ugumu ni buluu, yaani la kati: upana usiopungua sentimita 60 na mwinuko wa wastani usiozidi asilimia 10. Sehemu ya msituni ndiyo iliyokula jasho, ila iliyotupa matatizo ni ya uwandani. Kumbukumbu hii inafuata miezi.

Septemba: kupima

Vilima vya huku viliachwa na barafu kuu ya kale, iliyosukuma mchanga, mfinyanzi na mawe na kuyamwaga bila mpangilio. Ndani ya hatua hamsini unaweza kutoka kwenye mfinyanzi mzito ukaingia kwenye mchanga mtupu. Kwa hiyo kabla ya kupanga bendera tulichimba vishimo vya kina cha sentimita 30 kila mita 20, tukaandika udongo uliopatikana.

Bendera ndogo zilichomekwa kila mita 3 kwa kufuata klinomita, kifaa cha kupimia mwinuko. Kanuni inayotawala kila kitu ni ya nusu: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa kilima. Ubavu ukiwa asilimia 30, njia isipite 15, na sisi tulibaki kwenye 7 au 8. Ukivuka nusu, maji yanayoteremka kilimani hayakatizi njia tena, yanageuka na kuifuata, na msimu mmoja unatosha kuifanya korongo.

Kanuni ya pili ni vibonde vya kutolea maji. Njia inayoshuka lazima ipande kidogo mara kwa mara, ili maji yaliyoingia yatoke pale chini kabla hayajapata nguvu. Tuliweka kibonde kila mita 8 hadi 12 kwenye mteremko, na hadi mita 15 palipo karibu na tambarare. Kila kibonde kina urefu wa mita 3 au 4. Kikiwa kifupi kuliko hapo, matairi yanakisaga na kukisawazisha kabla ya mwaka kuisha.

Kwenye mialoni mikubwa njia hupita upande wa juu wa shina. Ukikata kilima upande wa chini unakata mizizi inayoushikilia mti, na mwaloni wa miaka mia utaanza kukauka polepole bila mtu kujua sababu.

Oktoba: kukata kibaraza

Hapa ndipo kazi ilipo. Njia haikwanguliwi tu juu ya mteremko, inakatwa ndani ya kilima kama kibaraza, na upana wake wote unakaa juu ya ardhi ambayo haijawahi kuguswa. Ukikata nusu na kuijaza nusu ya nje kwa udongo uliochimbua, ile nusu ya nje itazama, na waendeshaji watasogea ndani mwaka hadi mwaka.

Tulianza kwa kuondoa majani kwa reki kwa upana wa mita 1.5. Kisha ikaondolewa mboji, ambayo msituni humu ina unene wa sentimita 10 hadi 15. Mboji ni laini, inanyonya maji na haishindiliki, kwa hiyo inatupwa mbali chini ya njia, wala haiachwi kingoni. Baada ya hapo sururu na jembe zinashuka hadi kwenye udongo mgumu wa rangi ya kahawia. Ukuta wa ndani unalazwa kwa nyuzi 45. Ukiachwa wima, utaporomoka kwenye mvua za kwanza.

Sakafu inainamia nje kwa asilimia 5, ambayo kwa upana wa sentimita 60 ni sentimita 3. Kwa kukagua tulitumia pimamaji ya fundi yenye urefu wa sentimita 60: weka kipande cha mbao cha sentimita 3 chini ya ncha ya nje, na kiputo kikikaa katikati sakafu iko sawa. Jicho hudanganya sana ubavuni mwa kilima, usiliamini.

Hesabu ya udongo: kwenye ubavu wa asilimia 30, sakafu ya sentimita 60 pamoja na ukuta uliolazwa inatoa takriban mita za ujazo 0.06 kwa kila mita ya njia. Hiyo ni karibu toroli moja. Mtu mmoja mwenye vifaa vizuri alikata mita 2 hadi 3 kwa saa, na palipokuwa na mizizi mingi hakufikisha hata moja. Visiki vilichimbuliwa vyote. Kisiki kilichokatwa usawa wa ardhi kitabaki kikichomoza kadiri udongo unavyoshuka, na pedali itakikuta.

Oktoba pia ni mwezi mzuri wa kuona Rhamnus cathartica, kichaka vamizi kilicholetwa kutoka Ulaya. Miti ya asili ikishapukutisha majani, hiki hubaki kijani. Mashina membamba kuliko sentimita 5 tuliyang'oa na mizizi yake. Ukikata bila kung'oa, kisiki kimoja kinarudi na machipukizi kumi.

Novemba: kona

Kona mbili za kurudi zina nusu kipenyo cha mita 3.5 na ukingo wa nje ulioinuliwa sentimita 65. Ukingo ulijengwa kwa tabaka za sentimita 10, kila moja ikishindiliwa kabla ya inayofuata. Unyevu ndio siri: finyanga donge mkononi, liangushe kutoka kiunoni. Likivunjika vipande vichache, udongo uko tayari. Likisambaa kama unga, ongeza maji, na likibaki kama chapati, subiri likauke. Kona ya pili iliangukia kwenye mchanga, ikabidi mfinyanzi usombwe kwa toroli kutoka mita 40 juu, tukachanganya sehemu moja ya mfinyanzi kwa mbili za mchanga.

Ukingo ulioinuliwa unayafungia maji ndani ya kona, kwa hiyo kibonde cha kutolea maji lazima kiwepo kabla ya kuingia konani.

Desemba hadi Februari

Ardhi imeganda, hakuna kuchimba. Ulikuwa wakati wa kukata matawi ya mialoni yanayoning'inia njiani. Kuanzia Aprili hadi Julai mwaloni haukatwi hapa, maana jeraha bichi huvuta mbawakavu wanaobeba kuvu wa ugonjwa wa mnyauko wa mialoni, na ugonjwa huo huhama kutoka mti hadi mti kupitia mizizi iliyoungana.

Daraja la mbao la mita 6 juu ya chemchemi halikuwekewa nguzo za kuzikwa. Kusini mwa Minnesota kanuni za ujenzi zinataka msingi ufike sentimita 107 ili ukwepe jalidi, na nguzo fupi kuliko hapo husukumwa juu na barafu, kila moja kwa kiasi chake, hadi daraja linapinda. Letu limelazwa juu ya magogo mapana yaliyokaa ardhini. Likiinuka, linainuka lote.

Machi na Aprili: kuyeyuka

Kwa msomaji wa Nairobi au Arusha jambo hili ni geni. Mchana sentimita 5 za juu zinayeyuka huku chini kukiwa bado kumeganda, kwa hiyo maji hayana pa kushukia. Udongo unakuwa uji juu ya sahani. Usiku unaganda tena, sindano za barafu zinauinua na kuulegeza. Njia iliyo imara Oktoba inaweza kuharibiwa na matairi kumi tu kwa alasiri moja ya Machi. Ukitaka kuendesha wiki hizo, toka alfajiri kabla jua halijaigusa, na tairi likianza kuacha alama, geuza.

Msituni hali ilikuwa nzuri. Vibonde viwili vilizibwa na majani na kusafishwa kwa reki.

Uwandani mita 40 zilikuwa zimegeuka mtaro uliojaa maji. Kosa lilikuwa letu. Tulikwangua kipande hicho kwa njia ileile ya msituni, kina cha sentimita 12, tukitarajia kufika kwenye udongo mgumu. Msituni mboji ni tabaka jembamba juu. Kwenye Prairi, mizizi ya nyasi kama Andropogon gerardii inaweza kushuka zaidi ya mita 2, na kuoza kwake kwa maelfu ya miaka kumejenga udongo mweusi ambao hapa unafika nusu mita na zaidi. Ni mweusi kama ule wa nyanda za Athi, ila huu weusi wake ni mboji. Kwa hiyo tulichimba mboji tukakuta mboji, na tukawa tumeondoa kitu pekee kilichoishikilia, yaani zile nyasi. Juu ya hayo, mahali tambarare hapana upande wa chini wa kumwagia maji. Waendeshaji wakaanza kuzunguka dimbwi, na upana ukatoka sentimita 60 hadi mita 2 ndani ya wiki tatu.

Mei: kurekebisha

Zile mita 40 zimeinuliwa. Chini kuna jiotekstaili, kitambaa cha kutenganisha udongo na mawe, juu yake mawe ya chokaa yaliyosagwa pamoja na vumbi lake, maana kokoto safi bila vumbi hazishikani. Kimo ni sentimita 15 baada ya kushindiliwa, upana wa juu sentimita 90, mabega yanatanuka sentimita 30 kila upande hadi chini. Hiyo ni mita za ujazo 0.18 kwa mita. Tuliongeza robo kwa ajili ya kushuka wakati wa kushindilia, jumla mita za ujazo 9. Katikati pameinuliwa sentimita 2 kuliko kingo ili maji yagawanyike.

Mita 240 zilizobaki hazikuchimbwa kabisa. Nyasi zilifyekwa kwa upana wa sentimita 120 zikaachwa kimo cha sentimita 10, kisha mashine ya kushindilia ikapitishwa mara mbili kulaza mashina magumu. Mizizi yenyewe ndiyo sakafu. Tulikagua viota kabla ya kufyeka, kwa sababu kuna ndege hapa wanaotaga chini. Vichuguu vya Geomys bursarius, mnyama mchimbaji anayefanana na fuko, vinajazwa udongo na kushindiliwa kila wiki. Handaki lake likibomoka chini ya gurudumu la mbele, mtu anaruka juu ya usukani.

Alama za uwandani ziko kwenye vigingi vinavyochomoka. Prairi huchomwa kwa makusudi kila baada ya miaka michache ili vichaka visiimeze, na kigingi cha mbao kilichozikwa hakisalimiki.

Juni: ilipofikia

Njia inapitika yote. Mvua ya milimita 30 ya wiki iliyopita ilikauka msituni kwa siku moja, kwenye kipande kilichoinuliwa kwa saa chache, na kwenye nyasi kwa siku mbili. Kwa mtu wa kilo 75 mwenye matairi ya inchi 2.3 yasiyo na tyubu, upepo wa psi 22 mbele na 24 nyuma unatosha. Uwandani ukipunguza 2 mikono haitaumia sana.

Kilichobaki: kingo za nje za kibaraza zimeanza kupandisha kituta cha udongo uliosukumwa na matairi, hasa kati ya mita 310 na 350, na kinahitaji kukwanguliwa kabla hakijaziba njia ya maji. Nyasi zitapita usukani ifikapo Agosti, kwa hiyo upande wa ndani wa kila kona ya uwandani utafyekwa mita 2 zaidi ili wanaokutana waonane.