Saa 10 alfajiri, titi la mwisho

Hii post ya upasuaji wa mwanangu nimekaa nayo wiki tatu, naandika nafuta naandika nafuta, leo mtoto kalala mapema na umeme upo basi nikasema niimalize.

Kijana wangu ana miezi 7. Alipokuwa na miezi 5 nilikuwa namwogesha nikaona kauvimbe kwenye kinena upande wa kulia, kadogo kama zabibu, akilia kanatokeza akinyamaza kanarudi ndani. Mama mkwe akaangalia mara moja tu akasema hiyo ngiri, usihangaike na mafuta ya kuchua wala nini, mpeleke hospitali, na mpaka leo namshukuru kwa hilo maana hapa kwetu Tabata nilishaambiwa dawa za kila aina na watu ambao hata mtoto hawajamwona. Daktari akathibitisha. Akanielewesha kwamba kuna kanjia kanakotoka tumboni ambako mtoto wa kiume anatakiwa azaliwe kameshajifunga au kajifunge muda mfupi baadaye, ka mwanangu kamebaki wazi, na kwa watoto wadogo hivi ngiri haiondoki yenyewe, utumbo ukishuka ukanasa humo damu haifiki, unaoza. Kwa hiyo ni kupasua tu, na upasuaji wenyewe mdogo. Mi naitikia vizuri kabisa, ndiyo daktari, sawa daktari, mpaka aliposema "atapewa nusu kaputi".

Hapo nguvu zikaniisha.

Hilo neno lenyewe linatisha, nusu kaputi, yaani dawa ya usingizi ya kumlaza kabisa apasuliwe, kwa mtu mzima tu unasikia kama nusu kufa, sasa kwa mtoto wa kilo 7? Na ukishalitamka mtaani kila mtu ana hadithi yake, mara mtoto wa fulani alilala hakuamka, mara mwingine aliamka akawa mzito wa kuelewa shuleni. Nikirudi ndani usiku naingia kwenye simu, nako ndo nikakutana na jambo lililoninyima usingizi wiki nzima, kwamba Desemba 2016 ile mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu dawa za usingizi kwa watoto wa chini ya miaka 3, kwamba zikitumika zaidi ya saa 3 au mara kwa mara zinaweza kuathiri ubongo unaokua. Nikasoma na kuhusu watoto wa panya na wa nyani waliopewa hizo dawa, seli za ubongo zikafa. Saa 8 usiku nasoma habari za panya huku mwanangu ananyonya, machozi yananitoka yanamdondokea kichwani.

Baba yake akasema basi tusubiri, afike hata miaka mitatu ndo apasuliwe. Nikakubali haraka sana, kusema kweli nilifurahi kupata mtu wa kunipa ruhusa ya kuogopa.

Haikufika hata siku kumi. Usiku mmoja analia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, nafungua nepi, uvimbe umetoka umekuwa mgumu, hauingii. Tukaita bajaji, mama mkwe kashamfunga mtoto kwenye khanga, mi natafuta kadi ya kliniki siioni, na tulivyofika Barabara ya Mandela na ule mtikisiko akaanza kutulia, akalala, nikapapasa na vidole nikakuta kumelainika, umerudi wenyewe. Tulienda hospitali hivyo hivyo. Pale ndani ya bajaji hakuna aliyeongea, lakini hii habari ya miaka mitatu haikutajwa tena nyumbani kwetu.

Sasa nimwongelee yule dada wa usingizi, mtaalamu wa kumlaza mtoto kwa dawa wakati wa upasuaji, kwa sababu ndiye hasa aliyenifanya nikae kuandika. Siku mbili kabla ya upasuaji alituita, mdada mdogo tu wa umri wangu, akavuta kiti akakaa, na hilo la kukaa watu wanaweza kuliona dogo ila mi nilishazoea kuambiwa mambo makubwa na mtu aliyesimama ameshika mlango. Akauliza maswali ambayo sikuyategemea kabisa. Mtoto alizaliwa na miezi mingapi, kuna mafua au kikohozi wiki hizi mbili, kuna sikoseli kwenye ukoo, kuna ndugu yeyote wa damu aliyewahi kupata shida akiwa amelazwa kwa dawa. Akamfungua mdomo akaangalia, akamsikiliza kifua muda mrefu. Akaniambia akija siku hiyo na mafua tunaahirisha, usimfiche mafua mama, njia yao ya hewa ni nyembamba na ikiwa na mafua inaweza kujibana ghafla.

Nikatoa daftari langu. Nilikuwa nimeona aibu njiani, nikijua ataniona nimekuja kumfundisha kazi. Nikamuuliza ya FDA na ya panya, yote. Hakucheka wala hakukasirika, akasema hiyo tahadhari anaijua na ni ya kweli, ila isome yote, wanasema zaidi ya saa 3 au kurudiarudia, na huyu wako ni chini ya saa 1 na mara moja. Halafu akanieleza kuna utafiti uliofanyika kwenye ngiri hii hii, vichanga 722 kutoka nchi 7, nusu wakalazwa kwa dawa ya usingizi, nusu wakachomwa ganzi ya mgongoni wakabaki macho, wakawafuatilia mpaka wakafika miaka 5 wakawapima akili, matokeo yakatoka 2019, hakuna tofauti. Jioni nikautafuta nikaukuta, umeongozwa na daktari wa Melbourne, Andrew Davidson. Upo na mwingine wa Marekani uliolinganisha ndugu kwa ndugu, jozi 105, mmoja alipewa dawa ya usingizi apasuliwe ngiri utotoni mwingine hakupewa, nao akili zikawa sawa. Sikuwa najua kama kuna watu wamekaa miaka yote hiyo wanafuatilia swali langu mimi.

Nikamuuliza, sasa wewe unaogopa nini? Akanyamaza kidogo akasema, "Mama, siku hiyo mimi naogopa kitu kimoja tu, pumzi yake. Mtoto mdogo akiba yake ya oksijeni inaisha haraka kuliko yetu, kwa hiyo sitatoka kichwani pake hata dakika."

Niliondoka na woga wangu wote jamani, haukupungua, ila ulikuwa umehama. Wiki nzima nilikuwa naogopa atakavyokuwa darasa la kwanza, na kumbe cha kuuliza ni nani atakaa kichwani kwa mwanangu ile saa moja, kazoea watoto, mashine ya oksijeni ipo, atakuwa peke yake au na msaidizi. Haya maswali mtaani hakuna aliyeniambia niulize.

Mama mkwe usiku ule akanambia zamani watu walisema vichanga hawasikii maumivu, wanashikwa tu na watu wazima inakatwa. Nilidhani ni maneno ya wazee, kumbe hata hospitali kubwa za Ulaya na Marekani mpaka miaka ya 80 wapo vichanga waliopasuliwa bila dawa ya kutosha ya maumivu, wanapewa ya kulegeza misuli tu wasitikisike, mpaka 1987 daktari Anand kule Oxford alipoonyesha kwamba miili yao inapata mshtuko mkubwa na wakipewa dawa ya maumivu wanatoka salama zaidi. Niliposoma hiyo nikamwangalia wangu amelala mikono juu, nikasema acha alazwe, alazwe vizuri kabisa asijue kitu.

Siku yenyewe. Masharti maziwa ya mama mwisho masaa manne kabla, zamu yake saa 2 asubuhi, kwa hiyo saa 10 alfajiri nikamwamsha nikamnyonyesha, akanyonya kidogo akalala, namchezea shavu nyonya baba, nyonya, hajui kwamba ndo la mwisho. Tukafika saa 12. Saa 2 ikapita, kaingizwa mtoto wa dharura aliyemeza sarafu imekwama kooni, siwezi kulalamika, ila wangu saa 3 kashaanza kutafuta titi, anavuta kola ya gauni langu kwa mikono miwili, anang'ata nguo, na mimi kila akilia maziwa yanatoka yenyewe, gauni limelowa mpaka kiunoni. Ikabidi mama mkwe ambebe akae naye mwisho wa korido ili asininuse. Nesi kwa kweli alitusaidia, akaenda kuuliza, akarudi na maji ya glukosi, kasema maji yasiyo na maziwa bado muda unaruhusu, akapewa kwa kijiko kidogo kidogo. Mimi nisingeuliza. Ulizeni hiyo.

Saa 5 yule dada akaja mlangoni, akanyoosha mikono. Wazazi hawaingii thieta. Nikampa na khanga yake, akasema na hii anaingia nayo.

Dakika 50 nilikaa nahesabu vigae.

Alivyotoka alikuwa amelala upande, khanga imemfunika, mguu mmoja uko nje na kile kidude cha kupima oksijeni kimebanwa kwenye dole gumba, taa nyekundu inapenya mpaka dole zima linawaka kama kaa la moto. Nikaliangalia hilo dole tu. Alipoamka alilia kwa fujo kama dakika 20, hanitambui, ananisukuma, niliogopa sana lakini nilishaambiwa inatokea na inapita, ikapita, akanyonya.

Wodini tulilala karibu na mama mmoja wa Mbagala, mtoto wake ana mdomo sungura pamoja na kaakaa lililopasuka, yeye ameambiwa upasuaji zaidi ya mmoja, kwa hiyo ile habari ya kurudiarudia inamgusa kuliko mimi na sikutaka kumdanganya. Nilimwambia nilichosoma, kwamba hata kwa waliopewa dawa ya usingizi mara nyingi akili ya jumla haikuonekana kushuka, ila kuna tofauti ndogo kwenye wepesi wa mikono na kasi ya kufikiri, na kwamba midomo haiwezi kusubiri milele, mtoto lazima ale na aongee. Amepewa Alhamisi kuonana na watu wa usingizi. Nimemnunulia daftari, na mimi nitaenda naye nimshikie mtoto yeye aulize.