Oxenfree: usikimbilie kujibu, sikiliza kwanza

Wachezaji wengi hapa Arusha wanaoijaribu gemu ya Oxenfree hulalamikia jambo moja: Alex, msichana unayemwongoza kwenye kisiwa chenye mizimu, anatembea polepole mno. Ni kweli, na kurudi njia ileile kisiwani kunachosha. Lakini gemu hii ya 2016 ya Night School Studio imejengwa juu ya maongezi, na mwendo ule unayapa nafasi yaishe kabla hujafika.

Kosa kubwa liko kwenye majibu. Viputo vya maneno hutokea juu ya kichwa cha Alex, mara nyingi vitatu, kisha hufifia. Ukibonyeza mapema, unamkata Jonas, ndugu yake wa kambo, au rafiki yake Ren katikati ya sentensi na habari yake inapotea. Subiri viputo vianze kufifia, ndipo ubonyeze. Kunyamaza nako ni jibu, wenzako wanaliona.

Redio ndogo anayobeba Alex kunasia sauti za ajabu, izungushe taratibu, ukisimama kila sauti inapobadilika. Ukiipeleka kasi utaipita stesheni yenyewe. Vaa hedifoni, hasa ukicheza kwenye kibanda cha gemu chenye kelele za mpira, maana mizimu hapa huja kwa sauti kuliko kwa sura. Washa na maandishi ya chini, kwani Kiingereza chao ni cha haraka.

Usiiache baada ya kumaliza mara moja. Inachukua muda wa saa nne au tano tu, na ukiendelea na safari ya pili, baadhi ya maongezi hubadilika. Hapo ndipo hadithi ya Michael, kaka yake Alex aliyefariki, inapouma kwelikweli.