Maharagi kumi ya katikati

Juzi mtoto wangu alinisogezea kaye yake, daftari la hesabu: "Papa, sehemu mbili za darasa moja zinaweza kupita darasa lenyewe?" Nilikuwa nachagua maharagi ya jioni. Mkono ulisimama palepale kwenye ungo.

Swali lilikuwa karibu lilelile nililopewa mimi nikiwa la sita, tukijitayarisha kwa TENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi Kongo. Mwalimu alilisoma kwa Kifaransa, tukanakili, tukaenda nalo nyumbani. Theluthi mbili za wanafunzi wanasema Kimashi (lugha ya Washi wa Kivu), robo tatu wanasema Kiswahili, na kila mwanafunzi anasema angalau moja ya lugha hizo. Wanaosema zote mbili ni sehemu gani ya darasa?

2/3 nikaigeuza 8/12, 3/4 ikawa 9/12, nikajumlisha: 17/12. Na darasa zima ni 12/12! Nikafuta, nikajumlisha tena, nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Umeme ulikuwa umekatika mtaani kwetu Kadutu, mjini Bukavu, nami nikalia kimyakimya wadogo zangu wasisikie.

Mama alikuwa anachagua maharagi. Darasani hakuwahi kukaa, lakini likelemba (mchango wa pesa wa kupokezana kwa zamu) ya wauza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, ilikuwa mikononi mwake, na hakuna aliyewahi kumlalamikia hesabu.

"Nisomee kwa Kiswahili."

Nikamsomea. Akahesabu maharagi 24, kwa sababu 24 inagawika kwa tatu na kwa nne bila kuvunja hata moja. Akasogeza 16 kushoto. "Hawa wanasema Mashi." Kisha akaanza kupanga wa Kiswahili kulia: moja, mbili, tatu, mpaka nane. Katikati ya ungo pakabaki patupu. Akaninyooshea mkono, kiganja juu.

"Nipatie ingine kumi."

"Haiko tena, Mama. Zote ni 24."

"Lakini unasema wa Kiswahili ni 18."

"Ndiyo."

Mkono hakuurudisha. Nakiona mpaka leo kiganja kile kwenye mwanga wa taa ya mafuta: unga wa muhogo umeingia kwenye mistari, na magamba mawili madogo ya sambaza yameganda karibu na kidole gumba, yanameta. Aliuacha hapo hadi machozi yangu yakakauka. Halafu ukaenda taratibu kule kushoto, ukaokota haragi moja moja hadi kumi, ukayalaza katikati.

"Hawa wenye tulihesabu mara mbili. Ni kama kwa likelemba. Mtu ako kwa ya Jumatatu na kwa ya Alhamisi. Jina yake iko mara mbili, lakini kichwa ni moja."

Kumi kati ya 24. 5/12.

Kesho yake mwalimu alinipa nusu ya pointi kwa sababu sikuonyesha njia. Iliniuma, na bado inaniuma, maana njia ilikuwepo, ila ilibaki kwenye ungo. Mtihani nilifaulu. Sekondari nilikuja kuchorewa duara mbili zinazopishana, ndipo nikaelewa uzito wa yale maneno "angalau moja". Yakiondolewa, 5/12 inabaki kuwa kiwango cha chini tu, na wenye lugha zote mbili wanaweza kufika hadi 2/3. Mama aliyasikia maneno hayo niliposoma mara moja tu. Ndiyo maana hakuacha hata haragi moja nje.

Juzi nikafanya vilevile: 16, nane, mkono mtupu. Mtoto akayaokota yale kumi mwenyewe, akayaweka katikati.

"Papa, wewe uko wapi?"

Nikaonyesha katikati.

"Na Bibi?"

Hapohapo.

"Na mimi?"

Kimashi anajua salamu, na "koko" ya kushukuru. Kila likizo nasema safari hii tutaanza. Alikuwa ameshika haragi moja juu ya ungo, ananiangalia, anangoja nimwambie aliweke upande gani. Nikamwambia alishikilie kwanza.