Barabara Kuu ya 16, Kupitia Msitu Uliokauka

Tulitoka Prince George, magharibi mwa Kanada, alfajiri, mwezi wa Februari, baridi nyuzi 24 chini ya sifuri, tukashika Barabara Kuu ya 16 kuelekea Vanderhoof. Mwenyeji wangu, mzee aliyekata miti maisha yake yote, akaniambia baridi hii haitoshi kumuua mdudu aliyeukausha msitu huu. Katikati ya majira ya baridi, buu wa mbawakawa wa misonobari hajali mpaka ikaribie nyuzi 40 chini ya sifuri na kukaa hivyo siku kadhaa. Baridi ya majira hayo ilipolegea, mdudu asiyezidi punje ya mchele akapata nafasi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 amepita kwenye hekta milioni 18 hivi za jimbo hili la British Columbia, eneo linalokaribia moja ya tano ya nchi kavu ya Tanzania.

Nimekulia Mafinga, jirani na misonobari ya Sao Hill. Kwangu msonobari ni kijani. Hapa nilitazama kilima baada ya kilima cha kijivu, miti imekufa wima, na koo likanikaba.

Tukachepuka njia ya magogo. Hukatwa sana majira haya kwa sababu ardhi imeganda na mashine hazizami. Mzee akanionyesha kichwa cha gogo: pete ya buluu kuzunguka kiini. Ni kuvu ambayo mbawakawa huingia nayo, ikaziba njia za maji mpaka mti ukafa kwa kiu. Ukisimama miaka mingi hukauka na kupasuka, mbao nzuri haitoki tena. Hapo ndipo unapohesabiwa kuni.

Kuni zenyewe husafiri kuliko mimi. Husagwa, hukaushwa, hushindiliwa kwa joto kuwa vipande vidogo kama chakula cha kuku, bila gundi, maana joto hulainisha kinachoushikilia mti wenyewe. Treni huvipeleka bandari ya Prince Rupert, meli huvifikisha Uingereza na Japani.

Pembeni kulikuwa na lundo la matawi na vilele, refu kuliko nyumba. Malundo ya namna hii kwa kawaida huchomwa papo hapo, moshi ukapotea bure. Hilo lichukuliwe liwe kuni, sina ubishi. Yachukuliwe na mabaki ya viwanda vya mbao pia. Katikati ya Prince George yanachemsha maji yanayopasha joto majengo ya mji. Lakini kufyeka msitu mzima kwa kuwa juu umekufa, hapana. Chini yake kuna walio hai.

Mzee alishuka, akapangusa theluji kwenye msprusi, mti wa jamii ya msonobari, uliomfika kiunoni.

"Unaudhania mtoto," alisema. "Huenda una miaka 30. Umekaa kivulini ukingoja jua."

Akaniomba nisimame mbele ya mti huo wakati anageuza gari, tairi zisiukanyage.