Nina aleji ya paka, na paka haondoki

Ushauri unaonichosha kuliko wote ni ule wa "mnyoe tu". Anayeutoa ameona manyoya kwenye kiti, amenisikia napiga chafya, kajumlisha. Kinachonisumbua ni protini iitwayo Fel d 1, iliyomo kwenye mate ya paka na mafuta ya ngozi yake. Paka hujilamba kutwa, mate yanakaukia kwenye manyoya, kisha yanabanduka kwa chembe ndogo mno zinazoelea hewani kwa saa nyingi. Ukimnyoa, ngozi ni ile ile na ulimi ni ule ule. Hata wale paka wasio na manyoya wanaosifiwa kuwa hawaleti aleji wanayo protini hiyo. Paka hutofautiana mmoja mmoja kwa kiasi wanachotoa, kwa hiyo kabla ya kumchukua yeyote, kaa naye chumba kimoja saa kadhaa, tena zaidi ya mara moja. Dume asiyehasiwa hutoa nyingi, akihasiwa, inapungua.

Ushauri wa pili ni kumwogesha, nao una chembe ya ukweli, ndiyo maana unaudhi zaidi. Kucha zikatwe siku moja kabla. Tandika taulo chini ya beseni, kwa sababu paka anayeteleza ndiye anayekupanda mkono hadi begani. Maji ya vuguvugu, yaishie tumboni. Kichwani usimwagie, mfute kwa kitambaa. Manyoya ya ndani hayapitishi maji kirahisi, lazima uyatenganishe kwa vidole mpaka ngozi ilowe. Shampuu iwe ya paka, na isuuzwe yote, maana itakayobaki ataila. Ukimaliza una michirizi mikononi, naye yuko chini ya meza anajilamba kwa hasira, yaani anapaka upya mate uliyokesha kuyatoa. Protini hushuka kweli, ila siku mbili tatu tu imesharudi. Ili ikufae ungemwogesha mara mbili kwa wiki maisha yake yote. Mtu aliyenishauri hana paka.

Mimi simwandami paka, naandama mahali anapolala. Paka ana sehemu zake mbili tatu anazozipenda, na hazibadilishi ovyo. Kila sehemu nimeitandika shuka kuukuu la pamba. Kulitoa kuna namna yake: usilivute wala kulikung'uta. Shika pembe moja uikunjie katikati, kisha ya pili, ya tatu, ya nne, upande wenye manyoya ukibaki ndani kama sambusa, na uliweke kwenye ndoo yenye maji papo hapo. Likishalowa, hakuna kinachopeperuka. Mara mbili kwa wiki inatosha, sabuni ya kawaida inatosha. Akihamia sehemu nyingine, shuka linamfuata.

Chumba cha kulala haingii. Siyo "mchana aingie, usiku atoke", haingii. Protini hii hukaa kwenye godoro miezi mingi hata paka akiondoka, kwa hiyo godoro na mito nimevivika vifuniko vya zipu vilivyofumwa kwa kubana. Nguo uliyombebea usiingie nayo kitandani wala usiitundike humo. Kisafisha hewa chenye filta ya HEPA, ile inayonasa chembe ndogo mno, kiwe chumbani humo, mlango umefungwa, kisibanwe na ukuta, na uwezo wake ulingane na ukubwa wa chumba. Wengi hukiwasha wakianza kupiga chafya. Kinatakiwa kiwake muda wote. Na kisikudanganye: kinanasa kilichoko hewani, kilichozama kwenye zulia hakikigusi.

Zulia lenyewe nimeliondoa. Mashine ya kuvuta vumbi isiyo na filta nzuri huvuta mbele na kutema chembe laini nyuma, na kufagia pakavu ni kuzirusha usawa wa pua. Piga deki, futa viti kwa kitambaa chenye unyevu, na kama una aleji kali afanye mtu mwingine wewe ukiwa nje.

Dawa muulize daktari, lakini la kujua ni hili: dawa ya steroidi ya kupuliza puani hutumika kila siku, na inaweza kuchukua wiki mbili kufikia nguvu yake yote. Watu huiacha siku ya tatu wakisema haifanyi kazi. Inamisha kichwa mbele kidogo, tundu la kulia tumia mkono wa kushoto, elekeza ncha upande wa sikio. Ukiielekeza kwenye ukuta wa katikati, pua inaweza kutoka damu. Usivute kwa nguvu, la sivyo unaimeza.

Wanaosema "utazoea" wasikilize kwa tahadhari. Wapo wanaozoea, wapo ambao chafya huishia kuwa pumu. Kifua kikianza kubana au kutoa mluzi, hapo si suala la mashuka tena, nenda hospitali.

Kasha la mchanga anamojisaidia paka nimemwachia mwingine nyumbani. Asipokuwepo navaa barakoa, namimina mchanga mpya taratibu kutoka chini chini, naosha mikono kabla sijagusa macho. Kucheza na paka naendelea kama kawaida, ila kwa kijiti chenye kamba ndefu.